Waziri kivuli wa Mambo ya Ndani hufanya nini siku zisizo za bajeti?

Msomaji wetu mmoja, mwanafunzi wa sayansi ya siasa, ameuliza hivi: "Nikipitia kumbukumbu za Bunge la Tanzania, hasa Bunge la 10 na la 11, nakuta hotuba za Msemaji Mkuu wa Kambi Rasmi ya Upinzani kwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Malalamiko ni mengi, waziri anajibu machache, kisha bajeti inapita kama ilivyoletwa. Mbali na kusoma hotuba mara moja kwa mwaka, huyu mtu alikuwa na kazi gani? Na Bunge la 12 lilipokaa miaka mitano bila kambi rasmi ya upinzani, tulipungukiwa nini hasa?"

Ndugu yangu, nianze na hilo la bajeti kupita, maana ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Ni kweli, ilipita kila mwaka. Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali, na mbunge wa chama tawala anayejua kwamba kura yake ya "hapana" inaweza kumrudisha jimboni kuomba kura upya haipigi hovyo. Kwa hiyo ukimpima msemaji wa upinzani, yaani waziri kivuli, kwa matokeo ya kura, unampima kwa nguvu ambayo hakuwahi kupewa. Mimi humpima kwa swali moja: baada ya yeye kusema, je, Serikali ililazimika kueleza hadharani jambo ambalo vinginevyo lingebaki ofisini? Ukisoma zile hotuba ukiwa na swali hilo, utaona baadhi zilifaulu sana na nyingine hazikuwa na kitu zaidi ya hasira.

Kwanza elewa ukubwa wa eneo lenyewe. Watu wakisikia Mambo ya Ndani wanafikiria polisi tu. Wizara hii inabeba Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Idara ya Uhamiaji, huduma za wakimbizi, vitambulisho vya taifa kupitia NIDA, probesheni, usajili wa jumuiya na mapambano dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Katika vitabu vya bajeti imegawanyika kwenye mafungu yanayosimama kila moja peke yake: Fungu 14 ni Zimamoto, 28 Polisi, 29 Magereza, 51 makao makuu ya wizara, na 93 Uhamiaji. Msemaji anayejua mafungu hayo anaweza kuonyesha kwamba fedha za maendeleo zilizoidhinishwa mwaka uliopita hazikufika zote, na ni jeshi gani lililonyimwa. Asiyeyajua anabaki kusema "polisi wanaonea watu", jambo ambalo waziri yeyote analijibu kwa sentensi mbili na kukaa chini.

Lazima pia ajue mahali ambapo mamlaka ya wizara yanaishia. Idara ya Usalama wa Taifa iko Ofisi ya Rais. Wakuu wa mikoa na wilaya, ambao Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 imewapa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, hawawajibiki kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ingawa anayetekeleza amri hiyo ni askari wake. Upande wa Zanzibar napo pana ugumu wake: polisi, uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, lakini magereza si ya Muungano. Zanzibar ina Chuo cha Mafunzo chake, yaani idara yake ya magereza, na kina bosi mwingine kabisa. Nimesikia michango bungeni ikipotea kwa sababu mbunge alimuuliza waziri jambo lisilo lake, na waziri akalitumia kosa hilo kulikwepa hata lile lililo lake.

Sasa kazi ya mwaka mzima. Msemaji Mkuu huteuliwa na Kiongozi wa Upinzani Bungeni, ambaye kuanzia 2010 hadi 2020 alikuwa Freeman Mbowe. Huwa na naibu wake. Hana wizara wala mshahara wa uwaziri, hana katibu mkuu wa kumwandalia majibu. Katika Bunge la 10 nafasi hii ilishikwa na Vincent Nyerere, na baadaye ikachukuliwa na Godbless Lema, ambaye aliendelea nayo katika Bunge la 11. Siku za kawaida silaha zake ni zile zile za mbunge yeyote, ila anatakiwa azitumie kwa mpangilio. Kuna swali la msingi analoliwasilisha mapema na kujibiwa kwa maandishi yaliyopikwa wizarani, kisha maswali ya nyongeza yanayoulizwa palepale. Utamu uko kwenye nyongeza. Swali la msingi linamfungia waziri mlango mmoja, la nyongeza linafunga wa pili. Msemaji makini huuliza kwanza jambo linaloonekana dogo, kwa mfano ni mahabusu wangapi wamekaa zaidi ya mwaka bila upelelezi kukamilika. Takwimu ikishatajwa na Serikali yenyewe imeingia kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na hakuna wa kuikana mwaka unaofuata.

Kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu siku ya Alhamisi, kuna hoja binafsi, na kuna hoja ya kuahirisha shughuli za Bunge ili kujadili jambo la dharura. Hii ya mwisho ndiyo inayofaa zaidi Mambo ya Ndani, kwa sababu mambo ya wizara hii hayasubiri ratiba. Mtu akifia kituoni Jumatatu, familia inataka kujua Jumanne. Tena si suala la huruma tu. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inataka kifo cha aliyekuwa mikononi mwa polisi au gerezani kichunguzwe kwa utaratibu wake. Swali la kuuliza bungeni basi ni jepesi na zito kwa pamoja: uchunguzi huo wa kisheria umefanyika, ndiyo au hapana? Nasikitika kusema kwamba swali hili liliulizwa mara chache kuliko ilivyostahili, hata na wapinzani wenyewe, ambao mara nyingi walivutiwa zaidi na kumtaja mkuu wa polisi kwa jina.

Halafu inakuja siku ya bajeti yenyewe. Waziri anasoma hotuba yake, Kamati ya Kudumu inayohusika (katika miaka mingi unayoisoma ilikuwa ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama) inasoma maoni yake, na wa tatu ni Msemaji wa Upinzani. Baada ya michango ya wabunge na majibu ya waziri, Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi. Hapo ndipo mbunge anaposema atashika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani anatoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara huo mpaka apate maelezo ya kuridhisha. Shilingi moja haina thamani yoyote kifedha, lakini inamlazimisha waziri asimame tena ajibu jambo moja, na wabunge wengine wanaweza kuunga mkono au kupinga. Dakika hizo kwangu zina faida kuliko hotuba nzima. Tatizo ni muda. Saa ikifika mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa pamoja bila mjadala, na aliyepoteza nafasi yake kwa kumjibu mbunge aliyempigia kelele ameipoteza mpaka mwaka ujao.

Umeandika kwamba hotuba hizo zinatiririka malalamiko. Baadhi ndiyo. Lakini soma pia masharti yaliyoziminya. Kanuni zinakataza kuzungumzia jambo lililo mahakamani, na hakuna wizara ambayo mambo yake huishia mahakamani haraka kama hii. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, mkoani Iringa, Septemba 2, 2012, polisi walipokuwa wakizuia shughuli za chama cha siasa. Askari mmoja alishtakiwa, na hukumu yake ya kifungo ikatoka 2016. Kwa miaka yote hiyo, tukio lenyewe lilikuwa mikononi mwa mahakama. Msemaji hodari katika hali kama hiyo huliacha shauri na kuuliza yaliyo nje yake: nani alitoa amri ya kutawanya watu, mwongozo wa kutumia nguvu unasemaje, na umebadilishwa tangu siku ile? Hayo hayapo mbele ya hakimu yeyote.

Kisha kuna kiti. Spika au anayekalia kiti chake anaweza kuamuru maneno yaondolewe, na katika Bunge la 11 zaidi ya mara moja wasemaji wa upinzani walitakiwa kuondoa aya kwenye hotuba zao, wakaamua kutozisoma kabisa. Naelewa msimamo wao, lakini sikubaliani nao. Hotuba iliyokatwa aya tatu na kusomwa inabaki kwenye kumbukumbu, pamoja na ushahidi kwamba imekatwa. Isiyosomwa huacha pengo, na miaka kumi baadaye mwanafunzi kama wewe akitafuta kilichosemwa anakuta ukurasa umeruka. Ukiongeza kwamba Januari 2016 Serikali ilitangaza kusitisha matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge kupitia TBC, utaona kwa nini maandishi yalikuwa na uzito mkubwa kuliko sauti.

Na mtu mwenyewe hakuwa salama. Lema alikamatwa Novemba 2016, akiwa ndiye msemaji wa upinzani wa wizara inayosimamia magereza, na akakaa mahabusu katika gereza la Kisongo, Arusha, kwa karibu miezi minne huku mabishano ya dhamana yakiendelea mahakamani, mpaka alipotoka Machi 2017. Ibara ya 100 ya Katiba inalinda uhuru wa mbunge kwa anayosema ndani ya Bunge. Akitoka nje ya ukumbi na kusema kwenye mkutano wa hadhara, ulinzi huo haumfuati. Kwa msemaji wa Mambo ya Ndani, ambaye jimboni anakutana na askari wale wale aliowakosoa Dodoma, mpaka huo una maana kubwa kuliko kwa msemaji wa Kilimo au Maji.

Je, kazi yote hii iliwahi kumng'oa waziri? Hapa tuwe wakweli. Tazama walioondoka. Desemba 2013 Dk. Emmanuel Nchimbi aliondoka Mambo ya Ndani pamoja na mawaziri wengine watatu baada ya ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na ujangili iliyogeuka mateso kwa wananchi. Kamati hiyo iliongozwa na James Lembeli, mbunge wa CCM. Mei 2016 Charles Kitwanga alitenguliwa kwa kuingia bungeni na kujibu swali akiwa amelewa. Januari 2020 Kangi Lugola aliondolewa baada ya Rais Magufuli kukemea hadharani, pale Ukonga, makubaliano ya vifaa vya zimamoto ya zaidi ya euro milioni 408 ambayo hayakuwa yamepitishwa na Bunge. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeondoka kwa sababu hotuba ya upinzani ilisomwa.

Lakini angalia vizuri lile la Tokomeza. Mjadala uliosimamisha operesheni na kuzaa uchunguzi wa kamati uliwaunganisha wabunge wa pande zote, kwa sababu mifugo iliyouawa na watu walioteswa walikuwa wapiga kura wa kila chama. Hilo ndilo ningemfundisha msemaji yeyote wa upinzani katika eneo la usalama: ushindi wako uko kwenye viti vya mbele yako. Mbunge wa chama tawala ambaye kijana wake wa jimboni amepigwa kituoni anatafuta maneno na takwimu za kusimamia. Ukimpa, atasema yeye, na waziri atamsikiliza yeye kuliko wewe. Jina lako halitatajwa, na kazi itakuwa imefanyika. Msemaji anayetaka kila jambo liitwe la chama chake anawafunga midomo watu hao hao, kwa kuwa kumuunga mkono kunageuka usaliti.

Sehemu ya pili iliyosahaulika ni askari mwenyewe. Ukiondoa vichwa vya habari, utakuta hotuba nyingi za upinzani zilikuwa na kurasa kuhusu nyumba za polisi, madeni yao ya posho na uhamisho, sare, kucheleweshwa kupandishwa vyeo, na askari magereza wanaolinda watu wengi kuliko uwezo wa gereza. Karibu nusu ya waliokuwa magerezani katika miaka hiyo walikuwa mahabusu, yaani watu ambao hakuna mahakama iliyowatia hatiani. Msongamano huo unamtesa mfungwa na mlinzi wake kwa pamoja. Askari hawezi kugoma, hana chama cha wafanyakazi, wala hawezi kuandika gazetini kwamba anaishi kwenye nyumba ya mabati. Asiposemewa bungeni hana pa kusemea. Wabunge wa chama tawala nao waliyasema haya, na vizuri, lakini msemaji wa upinzani alikuwa na wajibu wa kuyasema kila mwaka, kwa maandishi, akilinganisha ahadi ya mwaka jana na hali ya mwaka huu. Kwa maoni yangu hizi ndizo kurasa bora za hotuba zile, na ndizo zisizonukuliwa na mtu.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Kanuni za Kudumu zinataka upinzani uwe na angalau asilimia 12.5 ya wabunge wote ndipo uunde kambi rasmi. Baada ya uchaguzi wa 2020 haukuifikia, kwa hiyo Bunge la 12 halikuwa na Kiongozi wa Upinzani wala wasemaji. Maswali hayakukoma. Wabunge wachache wa upinzani waliokuwepo waliuliza, na wa chama tawala waliuliza, wakati mwingine kwa ukali. Kamati ya Hesabu za Serikali na ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa ziliendelea kuongozwa na wabunge wa upande wa upinzani. Kilichopotea ni ile hati ya tatu. Siku ya bajeti ya Mambo ya Ndani kulikuwa na hotuba ya waziri na maoni ya kamati, kisha moja kwa moja michango ya mtu mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na dakika chache na kituo cha polisi cha jimboni kwake cha kuombea. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuiangalia wizara nzima kutoka upande wa pili, akafungua hotuba ya mwaka uliotangulia na kusema: uliahidi hiki ukurasa fulani, kiko wapi?

Hasara hiyo haionekani siku moja. Mfano ni Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyoundwa Januari 2023 na kukabidhi ripoti Julai mwaka huo. Ilipendekeza mabadiliko makubwa, likiwamo la kuunda upya Jeshi la Polisi na kuwa na ofisi ya taifa ya upelelezi. Ripoti nzito ya namna hiyo inahitaji mtu bungeni wa kuishika mkononi kila mwaka, pendekezo kwa pendekezo, na kudai ratiba. Wabunge walichangia, ndiyo, lakini hakukuwa na aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa jina na kuulizwa na wenzake kwa nini hakuifanya.

Kwa kuwa unasoma siasa linganishi, angalia majirani. Uganda ilitunga sheria mwaka 2006 inayomtambua Kiongozi wa Upinzani pamoja na baraza lake kivuli, hivyo waziri kivuli wa mambo ya ndani ana msingi wa kisheria ulio imara kuliko wa kanuni za Bunge peke yake. Kenya, tangu Katiba ya 2010, mawaziri si wabunge, kwa hiyo nafasi ya kivuli haina kazi ile ile. Mzigo umehamia kwenye kamati, na sheria ya 2011 iliunda mamlaka huru ya kusimamia mwenendo wa polisi. Uingereza, ambako mtindo huu umetoka, kuna kisa cha David Davis. Juni 2008, akiwa msemaji wa upinzani wa mambo ya ndani, alijiuzulu ubunge siku moja baada ya Bunge kupitisha kifungu cha kumshikilia mtuhumiwa wa ugaidi siku 42 bila mashtaka, akagombea tena kiti kile kile na kushinda. Oktoba mwaka huo Mabwana, nyumba ya juu ya Bunge lao, walikikataa kifungu hicho kwa kura 309 dhidi ya 118, na Serikali ikakiacha. Alipoteza nafasi yake ya uwaziri kivuli kwa uamuzi ule. Sisemi wetu wangefanya hivyo, mazingira ni tofauti mno, ila linaonyesha jinsi jambo la mtu kushikiliwa bila mashtaka linavyoweza kuchukuliwa kwa uzito na mtu wa nafasi hii.

Kama unataka kuandika utafiti wako juu ya hili, usianze na hotuba ya upinzani. Chukua mwaka mmoja, tuseme 2014/15 au 2018/19. Soma kwanza hotuba ya waziri wa mwaka uliotangulia na uandike ahadi zenye namba. Kisha soma ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali sehemu inayohusu mafungu niliyoyataja. Ndipo ufungue maoni ya Msemaji wa Upinzani, uweke alama kila anapogusa ahadi au hoja ya ukaguzi, na mwisho nenda Hansadi ya Kamati ya Matumizi uone ni zipi alizishikia shilingi na waziri alijibu nini. Usiache majibu yanayosema "tumelipokea, tutalifanyia kazi". Hayo yaandike kwenye safu ya peke yake, pamoja na tarehe, halafu fungua hotuba ya waziri ya mwaka uliofuata.